Maskelyne: Gwiji wa mazingaombwe aliyefia Kenya

JIONI inapoingia katika vijiwe vya Tandika na Mbagala wilayani Temeke, au Tandale na Mwananyamala wilayani Kinondoni, pakiti moja ya karata hutosha kuwakusanya watu wa rika zote. Wengi hucheza kupitisha muda. Wapo hata hivyo wanaotumia karata tatu tu kuwamaliza wapita njia fedha zao.

Mpaka kati ya burudani na utapeli ndio uliotawala maisha ya Jasper Maskelyne, mwanamazingaombwe wa Uingereza aliyefariki dunia nchini Kenya mwaka 1973.

Maskelyne alizaliwa mwaka 1902, akiwa kizazi cha tatu katika familia ya mazingaombwe. Babu yake, John Nevil Maskelyne, alikuwa fundi saa aliyepata umaarufu kwa kuwaumbua watu waliodai kuzungumza na mizimu. Mwaka 1873 alianza maonyesho katika ukumbi wa Egyptian Hall jijini London, akishirikiana na George Cooke, na maonyesho hayo yalidumu hapo kwa miaka 30 hivi.

Mwaka 1894 mzee huyo alichapisha kitabu kilichoanika hila za wacheza kamari walaghai, zikiwamo karata zenye alama za siri na vioo vidogo vya kuchungulia karata za wenzao.

Mjukuu alifuata nyayo hizo jukwaani na kuwa miongoni mwa wanamazingaombwe waliojulikana sana Uingereza katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida sanaa hiyo.

Mfano mwepesi wa elimu ya aina hiyo ni mchezo wa karata 21, ambao mtu anaweza kujifunza kwa jioni moja. Mtazamaji huchagua karata moja moyoni bila kuitaja, tuseme rea ya kopa. Mchezeshaji huzigawa karata zote zikiwa wazi, moja moja kwa zamu, katika mafungu matatu ya karata saba. Mtazamaji huonyesha fungu lenye karata yake, nalo huwekwa katikati ya mengine mawili bila kuchanganywa. Ugawaji hurudiwa hivyo hadi utimie mara tatu.

Baada ya hapo, karata iliyochaguliwa huwa ya 11 kutoka juu. Hakuna wepesi wa mkono wala dawa. Jibu la kwanza la mtazamaji hubakiza karata saba, la pili hubakiza zisizozidi tatu, na la tatu hubakiza moja. Anayeshangaa ndiye aliyeitoa siri, mara tatu, kwa kidole chake mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa Maskelyne jukwaani. Mwaka 1940 aliingia kikosi cha wahandisi cha Jeshi la Uingereza, akafunzwa mbinu za kuficha vifaa vya kivita, kisha akapelekwa Misri. Huko aliwafundisha pia askari njia za kutoroka endapo wangetekwa.

Hata hivyo, kitabu kilichotoka kwa jina lake mwaka 1949 kilidai makubwa zaidi: kwamba aliificha bandari ya Alexandria na Mfereji wa Suez machoni mwa ndege za adui. Watafiti waliofuatilia madai hayo miaka mingi baadaye hawakupata ushahidi wa kuyathibitisha. Mjukuu wa mtu aliyewaumbua waongo akawa naye ameacha hadithi zisizoaminika.

Baada ya vita, umaarufu wake jukwaani ulikuwa umefifia. Alihamia Kenya, akafungua shule ya udereva. Mtu aliyewahi kujaza kumbi za London akawa anawaelekeza wanafunzi kukanyaga klachi na kushika usukani.

Kwa kijana wa Mbagala anayejifunza karata leo, maisha hayo yana funzo. Anayetazama mazingaombwe anajua kuwa anachezewa, amekubali, na hurudi nyumbani na nauli yake. Anayeinamia karata tatu kando ya barabara hajaambiwa hivyo. Msomaji wa kitabu cha mwaka 1949 naye hakuambiwa.