Ernst May: Mjerumani Aliyetaka Nyumba ya Mnyonge Iingie Upepo

Ukitoka Kisii mjini kwenda Keroka utapita Keumbu. Tazama nyuma ya migomba uone nyumba za matofali na mabati, nyingi zikiwa na madirisha madogo na jiko lililojaa moshi. Wengi husema nyumba yenye mwanga na hewa ni ya tajiri. Marehemu Ernst May, aliyechora hospitali ya wazazi ya Aga Khan huko Kisumu, hakukubali maneno hayo.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 27 Julai 1886. Toka 1925 hadi 1930 alikuwa mkuu wa ujenzi wa jiji hilo, na chini yake zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Mambo ambayo wachoraji wa siku zile waliwawekea matajiri katika majumba yao, yeye aliyabana yakaingia katika nyumba ya mfanyakazi. Jiko alilobuni Bibi Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 kwa ajili ya nyumba hizo lilikuwa mita 1.9 kwa 3.4 tu, lakini kila chombo kilikuwa karibu na mkono wa mpishi.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi kupanga miji mipya. Kazi ilipokwisha 1933, Hitler alikwisha shika serikali kwao, basi May akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha. Baadaye alihamia Nairobi, akawachorea walowezi nyumba za fahari. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani.

Katika miaka ya 1940 alirudia hoja yake ya zamani. Alibuni nyumba ya bei nafuu kwa Waafrika: mbavu za saruji zilizopindwa kama paa la msonge, na vibao vya saruji vya kutundikwa juu yake. Mtu asiye fundi angeweza kuiunganisha. Ilibaki mifano tu, haikuenea. Na tuseme kweli, hakuna aliyewauliza wenye kulala humo wanataka nini. Hata ramani yake ya kupanua Kampala, iliyokamilika 1947, iliweka kila rangi ya watu mahali pake.

Lakini kuna mambo yake yasiyohitaji saruji ya ziada. Keumbu haijafika digrii moja kusini ya Ikweta, hivyo jua hupiga zaidi kuta za mashariki na magharibi. May angeelekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, arefushe paa lizuie mvua, na kuweka madirisha yanayotazamana ili moshi upate njia. Dirisha dogo la mashariki, kwa baridi ya asubuhi ya Kisii, fundi wa hapa angemwongezea mwenyewe.

May alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1953, akaendelea kujenga mitaa ya wafanyakazi. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 84.