Seyyid Barghash bin Said: Dola ya Forodha katika Karne ya Mipaka

Aghalabu utandawazi huhesabiwa kuwa zao la mwishoni mwa karne ya 20, wakati wa setilaiti na intaneti. Maisha ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, yanaitia shaka dhana hiyo.

Barghash alikuwa mmoja wa wana wa Seyyid Said bin Sultan. Baba alipofariki baharini mwaka 1856, Barghash ndiye aliyekuwa naye safarini, akaileta maiti Unguja huku akikitamani kiti. Kiti kikamwendea nduguye, Majid. Mwaka 1859 Barghash aliasi, askari wa manowari za Uingereza wakamsaidia Majid kumshinda, naye akapelekwa uhamishoni Bombay. Ugomvi wa ndugu wawili ulikuwa umeamuliwa na mgeni.

Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alirithi dola ambayo kwa upande wa bara haikuwa na mpaka uliochorwa popote. Nguvu yake ilikuwa forodhani. Hapo zilipita pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji, karafuu za Unguja na Pemba na, bila kuficha, watumwa. Hapo pia kiliingia kitambaa cha pamba ambacho Waswahili walikiita merikani kwa sababu kilitoka Marekani; msamiati wenyewe unatunza habari za biashara hiyo. Hata ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, akiwemo Taria Topan. Dola ya namna hii ilistawi maadamu walimwengu walitaka kununua na kuuza. Walipotaka jambo jingine, haikuwa na ngome ya kujihifadhi.

Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Balozi John Kirk alitishia kuizingira bandari kwa manowari, na Barghash akatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Soko la watumwa mjini likafungwa. Wengi walitarajia ahiliki kiuchumi. Hakuhiliki. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke za kampuni ya William Mackinnon zilifika Unguja kuanzia 1872, na waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari ukafika mwaka 1879. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Aliwavutia wakazi wa mji maji ya mabomba kutoka chemchemi, na mwaka 1883 akajenga Beit-el-Ajaib. Ni dhuluma kumwita kibaraka tu, kwani alizipokea nyenzo za ulimwengu mpya kwa hiari na akazitumia kuiimarisha nchi yake.

Nyenzo hizo hizo zilikuwa na bwana mwingine. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani akikusanya mikataba ya machifu, na Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akaitambua. Katika mkutano wa Berlin uliokuwa ukimalizika mwezi huo, Zanzibar haikuwa na kiti. Barghash alipeleka malalamiko Ujerumani kwa telegrafu. Lakini telegrafu pia ilimletea Kirk, mshauri wake mkuu, maagizo ya London ya kutowapinga Wajerumani. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri, mizinga ikielekezwa kwake. Akasalimu amri.

Swali sasa halikuwa tena nani anatoza ushuru, bali nani anamiliki ardhi hadi wapi. Kwa mapatano ya 1886, Uingereza na Ujerumani zilimwachia visiwa, baadhi ya miji ya Banadiri na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Bara iligawanywa kwa mstari uliotoka mlango wa Mto Umba, ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1887 aliukodisha ukanda wa kutoka Umba hadi Kipini kwa jumuiya ya Mackinnon, yule yule mwenye meli. Alifariki Machi 1888. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Ukanda huo, hata hivyo, uliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya masultani wa Zanzibar, na bendera yao nyekundu ikapepea Mombasa hadi 1963, ulipokabidhiwa Kenya kwa mapatano ya Oktoba mwaka huo. Mstari wa Mto Umba ungalipo: ndio mpaka wa Kenya na Tanzania.