Mwanafunzi wa Sanwekwe

Dian Fossey anajulikana kama bibi wa Karisoke. Mimi namtazama kwanza kama mwanafunzi aliyekuja kwetu kujifunza kazi. Januari 1967 alifika Kabara, upande wa Kongo wa milima ya Virunga, bila shahada ya elimu ya wanyama. Sanwekwe, Mkongomani aliyekwisha kufanya kazi na George Schaller, ndiye aliyemfundisha kufuata nyayo za ngagi; namweka mbele ya maprofesa wa Cambridge waliompa udaktari baadaye. Julai askari walimshusha mlimani. Septemba akafungua kambi Rwanda: Karisimbi na Visoke vikazaa “Karisoke”, mwambatano ambao sisi wa isimu tunaufurahia. Huko wanafunzi wa ng’ambo walikuja kumsaidia kuhesabu ngagi. Aliuawa kambini Desemba 1985, akazikwa palepale, kando ya ngagi wake Digit.