MAMA WA MOMELA NA RISASI ZILIZOLOWA

Vijana wetu wanapozungumza juu ya kulenga shabaha, majina yanayotajwa kwanza ni ya bastola na ya viwanda vilivyozitengeneza. Ni nadra kusikia likitajwa jina la mtu. Na ni nadra zaidi kumsikia mtu akiuliza risasi iliyomo ndani ya bastola hiyo imekaa ghalani muda gani, na hewa ya chumvi ya visiwa vyetu imeitenda nini. Leo tumeona vyema kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa wale waliomo katika ofisi zinazohusika na silaha na michezo, maisha ya mwanamke mmoja aliyeishi mbali na bahari, chini ya mlima Meru, ambaye umaarufu wake ulitokana na bunduki. Pamoja na maisha yake tutasimulia habari ya risasi zilizolowa maji katika ghuba inayoelekeana na Pemba, zikapelekwa bara kukaushwa karibu na alipokuwa akiishi.

Margarete Trappe alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa la Ujerumani na sehemu yake kubwa leo ni ya Poland. Mwaka 1907 alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani pamoja na mumewe, Ulrich. Hawakubaki pwani. Walipanda hadi Meru, na hatimaye wakafanya makao yao Momela, penye maziwa ya magadi yanayotembelewa na heroe, mlima Meru ukiwa upande wa magharibi na Kilimanjaro ukionekana upande wa mashariki mawingu yakitawanyika. Hapo walifuga ng'ombe na farasi, na hapo mama huyu akawa mwindaji. Wamaasai wakamwita Yeyo, maana yake mama.

Haifai kupita hapa kwa haraka. Ardhi ile haikuwa tupu ikingoja mgeni. Mwaka 1896, baada ya wamisionari wawili kuuawa kwenye miteremko ya Meru, Wajerumani walileta jeshi na kuwaadhibu Waarusha na Wameru kwa ukatili, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa yakagawiwa walowezi. Mwaka huo huo wa 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya koloni ya kudhibiti uwindaji. Tangu hapo mwenye fedha za leseni na bunduki ya kisasa aliitwa mwindaji, na mwenye upinde aliyewinda alipowinda babu yake akaitwa mwizi wa wanyama. Kwa hiyo anayemsifu mama wa Momela kwa shabaha yake hana budi kuwakumbuka pia wenyeji waliosoma nyayo, waliojua upepo unavuma kutoka wapi, na ambao sheria haikuwaruhusu kwa urahisi kushika bunduki kama aliyoishika yeye.

Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, mumewe alikwenda jeshini na mkewe akabaki na shamba, akiwasaidia wapiganaji wa kwao kwa mifugo yake. Sisi wa Visiwani vita hivyo vilitufikia mapema. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga katika bandari ya Unguja. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya masafa mafupi, makombora yake yakaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Makaburi ya mabaharia wake yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani.

Bara nako upungufu wa silaha ulikuwa mkubwa. Askari wengi wa Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki ya mtindo wa mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapatia bunduki za kisasa 455, bombomu 16 na risasi 600,000 za Waingereza waliokimbilia merikebu zao. Hata hivyo, kwa koloni lililozingirwa na manowari, mali hiyo haikuwa ya kutosha.

Ndipo ilipokuja meli iliyoitwa Rubens. Ilitoka Ujerumani mwanzoni mwa mwaka 1915 ikijifanya ni meli ya Denmark, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mwezi wa Aprili ikakaribia Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliiona na kuifukuza hadi ndani ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha wake akaitia moto kwa makusudi na kuiacha izame katika maji machache, na Waingereza wakaondoka wakiamini kwamba shughuli imekwisha. Haikwisha. Kwa majuma kadhaa watu walipiga mbizi na kuopoa shehena yake: bunduki, nguo, na risasi kwa mamilioni. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Hapa tunaomba msomaji avumilie maelezo kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, yaani kile kidonge kidogo kilichopachikwa kitakoni, kinachowaka kikigongwa. Kuna baruti ndani ya ganda, na kuna kichwa cha risasi chenyewe kinachotoka mtutuni. Maji yakipenya, fataki huwa ya kwanza kuharibika. Baruti hufuata, na shaba huota kutu ya kijani. Kwa macho risasi hiyo yaweza kuonekana nzima kabisa. Kasoro yake hujulikana kidole kikishavuta na mlio usisikike.

Risasi za Rubens zilipelekwa Moshi, mwendo mfupi kutoka Momela. Kwa miezi askari na raia wa Kiafrika waliketi tangu asubuhi mpaka jioni wakizichomoa moja moja, wakisafisha na kukausha baruti, wakibadilisha fataki kwa zile za mtindo wa zamani zilizopatikana koloni, kisha wakazifunga tena. Katika vita vyote vile hatujui kazi ya mikono iliyohitaji subira kuliko hiyo. Matokeo yake hayakuwa kamili, na wakubwa wa jeshi walikuwa na akili ya kulikubali hilo. Risasi safi zilizobaki kutoka zamani ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Kati ya zilizotengenezwa upya, zile ambazo karibu asilimia 20 ziligoma zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zilitumika kwa mazoezi.

Tunaurudia mgawanyo huo kwa sababu umetufundisha mengi kuliko visa vyote vya kuwinda simba. Jeshi lile halikuuliza tu lina risasi ngapi, bali lilihesabu ngapi zinalia na ngapi zinagoma, likazitenga kwa hesabu hiyo. Majina ya waliokaa mezani Moshi hayakuhifadhiwa, ingawa jina la Margarete Trappe limeandikiwa kitabu na, mwaka 2007, filamu ya televisheni huko Ujerumani.

Vita vilipokwisha Wajerumani walishindwa, na mashamba yao yakachukuliwa na Waingereza kama mali ya adui. Momela ilimtoka mama huyu mikononi. Wajerumani waliporuhusiwa tena kukaa Tanganyika, mwaka 1925, mlango wa maisha yake ukafunguka upya. Ndoa yake haikudumu, bunduki ilidumu. Alifanya uwindaji kuwa kazi ya kumlisha yeye na watoto wake, akiwaongoza wageni matajiri porini, jambo ambalo wanawake wa zama zake hawakulifanya. Mwaka 1939 vita vya pili vilipozuka, Wajerumani wa Tanganyika wakageuzwa tena kuwa maadui. Akavuka na hayo pia.

Kazi ya mwindaji anayeongoza wageni yahitaji maelezo, maana wengi hudhani ni kufyatua kutwa kucha. Mambo ni kinyume chake. Mgeni ndiye apigaye kwanza. Mwongozi husimama kando yake na bunduki iliyojaa, na siku nyingi hurudi nyumbani bila kufyatua hata mara moja. Lakini mgeni akikosea, nyati akakimbilia vichakani akiwa na jeraha, mwongozi ndiye anayewajibika kumfuata. Hapo hana risasi ya majaribio. Ikigoma, hakuna mwamuzi wa kumpa nyingine.

Mchezo wa bastola hauna nyati, lakini tabia unayoitaka ni ile ile. Katika bastola ya hewa ya Olimpiki mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 11 na nusu tu. Hupiga mara 60 ndani ya dakika 75, kwa mkono mmoja. Anayeanza hujitahidi kuona shabaha vizuri, na hilo ndilo kosa lake. Jicho lapasa kukaa kwenye kilengeo cha mbele, kionekane kwa ukali, na shabaha iachwe iwe na ukungu. Mkono wa binadamu hautulii kabisa, hata wa bingwa. Kazi yake ni kuvuta kifyatulio polepole na kwa unyoofu wakati mkono ungali unacheza, asiseme moyoni kwamba sasa ndiyo, maana anaposema hivyo kiganja hubana na mtutu huinama. Nusu ya mazoezi mazuri hufanywa na bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, mbele ya ukuta, pasipo risasi hata moja chumbani. Mazoezi hayo hayagharimu Serikali kitu, na pengine ndiyo sababu hayathaminiwi.

Kama yupo anayedhani kwamba mchezo huu ni wa wanaume, na azisome habari za Montreal mwaka 1976. Huko Mmarekani aitwaye Margaret Murdock alilingana kwa alama na bingwa wa kiume katika bunduki, wakishindana pamoja, akapewa nafasi ya pili baada ya shabaha zao kukaguliwa. Tanzania haikuwapo kushuhudia, kwa kuwa ilisusia michezo ile kwa heshima ya ndugu zetu wa Afrika Kusini.

Sasa tuje kwenye suala la kujaza maganda upya. Katika nchi nyingine walengaji wa mashindano hulifanya wenyewe ili kupunguza gharama na kupata risasi zinazofanana. Kwetu hakuna mtu anayeruhusiwa kutengeneza risasi pasipo kibali cha Serikali, na sisi tunaona ni haki iwe hivyo. Kwa wale wenye kibali, au wanaofikiria kukiomba kwa ajili ya timu, kanuni ni chache na hazina huruma. Mezani iwepo baruti ya aina moja tu, iliyopimwa kwa mizani kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, wala asikaribie mtu mwenye sigara. Ganda lenye ufa litupwe. Kabla ya kupachika vichwa, kila ganda limulikwe kwa taa, maana lililojazwa mara mbili hupasua bastola, na lisilojazwa huweza kuacha kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu.

Mlengaji naye, awe ametumia risasi za kiwandani au za mezani, akivuta na isilie, aendelee kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima, kwa kuwa ziko zinazochelewa kuwaka. Akisikia mlio hafifu kuliko kawaida, aache, atoe risasi zote, atazame kama mtutu una upenyo. Tumewahi kumwona kijana aliyeharakisha risasi ya pili baada ya mlio wa namna hiyo akishikwa mkono na mwalimu wake kabla hajavuta. Alikasirika sana. Mtutu ulipofunguliwa, kichwa cha risasi ya kwanza kilikuwa humo.

Margarete Trappe alifariki Momela mwaka 1957. Inasimuliwa kwamba tembo walikuja karibu na nyumba usiku wa kifo chake, na kila msimuliaji huongeza tembo wake. Miaka sita kabla ya hapo, jirani kabisa, huko Engare Nanyuki, serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1960 hifadhi ya Ngurdoto ilianzishwa, na mwaka 1967 mlima Meru ukaongezwa, yote ikawa Hifadhi ya Arusha. Katikati ya hayo Wamarekani walipiga Momela filamu yao ya Hatari, iliyotoka mwaka 1962. Tangu ilipokuwa hifadhi, anayebeba bunduki pale kihalali ni askari wa wanyama, na miongoni mwao wamo watoto na wajukuu wa walionyimwa leseni.

Kwa maofisa wanaoshika funguo za maghala yetu, tunalo ombi moja. Hewa ya Unguja na Pemba ni ya ghuba ya Manza mwaka mzima, tofauti ni kwamba huingia polepole. Kabla ya kuagiza bastola mpya kwa ajili ya mashindano, masanduku ya risasi yaliyopo yainuliwe kutoka sakafuni na yafunguliwe. Tarehe zake zisomwe, na maganda yenye kutu ya kijani yatengwe na kukabidhiwa wataalamu wa kuyateketeza. Kisha kutoka katika kila shehena zichukuliwe risasi 100, zipigwe uwanjani mbele ya mwandishi mwenye daftari, na idadi ya zilizogoma iandikwe.