Collins: Kinda wa redio aliyeunda mtambo wa vita ukaishia mikononi mwa wapenzi wenzake

NYOTA njema huonekana asubuhi. Arthur Andrews Collins alikuwa na umri wa miaka 15 pekee mwaka wa 1925 alipofaulu kuwasiliana, kutoka nyumbani kwao mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa nchini Marekani, na msafara wa wavumbuzi waliokuwa wametia nanga kwenye barafu ya Greenland.

Msafara huo uliongozwa na Donald MacMillan. Mwendesha redio wake, John Reinartz, alikuwa miongoni mwa wachache walioshikilia kwamba mawimbi mafupi yangefika mbali kuliko yale marefu yaliyotegemewa na majeshi enzi hizo.

Vituo vya jeshi la wanamaji vilitaabika kuwapata wasafiri hao. Kijana Collins aliwapata, tena kwa mtambo aliojiundia mwenyewe. Usiku baada ya usiku aliandika ujumbe wao uliokuja kwa alama za Morse, kisha akaupeleka katika ofisi ya telegrafu mjini ili ufikishwe Washington.

Collins, aliyezaliwa Septemba 9, 1909 mjini Kingfisher, jimbo la Oklahoma, alikuwa mwendeshaji wa redio za ridhaa. Hawa ni watu wanaorusha na kunasa mawimbi kwa mapenzi yao tu, bila malipo wala matangazo ya biashara, wakiwa na leseni ya serikali na utambulisho wa herufi na tarakimu. Wa Kenya huanza kwa 5Z4. Wa Collins ulikuwa 9CXX, nao aliupata akiwa na umri wa miaka 14.

Mnamo 1931, uchumi wa Marekani ukiwa umezorota, alianza kuunda mitambo ya kurushia mawimbi chini ya nyumba yake na kuwauzia wenzake wa ridhaa. Miaka miwili baadaye aliisajili kampuni ya Collins Radio ikiwa na wafanyakazi wanane na mtaji wa dola 29,000.

Bahati haikukawia. Richard Byrd, aliyekuwa ameongoza marubani wa kijeshi katika msafara ule wa Greenland, alikuwa akijiandaa kwenda Antaktika mwaka huo wa 1933. Alichukua mitambo ya Collins, na kwa mitambo hiyo Wamarekani wakasikia sebuleni mwao sauti za watu walio katika ncha ya kusini ya dunia.

Hata hivyo, kilichomtenga Collins na washindani wake ni kifaa alichokibuni katika muongo huo, nacho ni Autotune. Kubadilisha masafa ya mtambo wa zama hizo kulikuwa kazi ya fundi: swichi hii, kitasa kile, macho kwenye mita, na dakika zikiyoyoma. Kwa Autotune, mwendeshaji alichagua tu namba ya chaneli, mota ndogo ikanguruma na vitasa vikajizungusha vyenyewe hadi mahali vilipopangiwa.

Rubani au mwendesha redio aliyevaa glavu nene katika baridi ya futi 20,000 hakuhitaji kuelezwa faida yake.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, uvumbuzi huo ulitiwa ndani ya mtambo uliopewa jina la AN/ART-13. Ulikuwa na chaneli kumi zilizopangwa kabla, ulirusha kati ya megahezi 2 na 18.1, kwa Morse au kwa sauti, ukiwa na nguvu ya takriban wati 100. Kuhama kutoka chaneli moja hadi nyingine hakukumaliza hata nusu dakika.

Mtambo huo ulifungwa katika ndege za B-29. Wasovieti, waliozishika ndege kadhaa za aina hiyo zilizotua katika ardhi yao mwaka wa 1944 na kuziiga nati kwa nati, waliuiga pia. Kwa mhandisi, sifa za adui na za mshirika asiyeaminika huenda zina uzito kuliko nishani.

Minghairi ya hayo, ulimwengu alikotoka Collins ulikuwa kimya. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, serikali ya Marekani ilipiga marufuku mawasiliano ya redio za ridhaa. Wengi wa waendeshaji hao walijiunga na jeshi, wakafundisha Morse au kukarabati mitambo. Marufuku ilianza kuondolewa mwaka wa 1945.

Waliporejea hewani walikuta neema ambayo haijapata kuonekana tena. Jeshi lilikuwa na mabohari yaliyofurika vifaa ambavyo havikuhitajika, vingine havijawahi hata kutolewa katika makasha yake. Viliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kuviunda. Katika barabara ya Cortlandt jijini New York, iliyosifika kwa maduka ya redio, vilirundikwa hadi kando ya njia.

Kijana asiye na kitu aliweza kununua kirushi kidogo cha ndege kwa dola chache. Aliyejaliwa zaidi alitafuta ART-13.

Kazi ilianzia hapo. Mtambo huo ulikuwa umeundwa kutumia volti 28 za ndege, na mashine ya kuzunguka iitwayo dainamota ndiyo iliyozigeuza kuwa volti nyingi zaidi. Nyumbani hakuna umeme wa ndege. Mnunuzi aliiweka dainamota kando, akaunda kwa transfoma chanzo kingine cha kutoa zaidi ya volti 1,000 za kulisha vali kubwa ya 813. Volti hizo huua, na hazimsamehe anayegusa kabla ya kuzima.

Wengine walitoboa mabamba, wakang'oa walichoona hakifai na kupaka rangi upya. Wanaohifadhi mitambo hiyo leo huwalaumu sana, lawama ambazo si za haki: hakuna aliyejua kwamba chuma cha bei ya kutupa kingegeuka kuwa kumbukumbu. Kizazi kizima cha wahandisi kilijifunza umeme kwa kuvunja na kuunganisha upya masalio hayo ya jeshi.

Kwa Collins mwenyewe hali ilikuwa mtihani. Kandarasi za vita zilikuwa zimekatika ghafla, ilhali wateja wake wa kwanza sasa wangeweza kupata kazi ya mikono yake kwa bei ambayo kiwanda chake kisingeweza kuimudu. Angeweza kuliacha soko hilo. Badala yake alilirudia kwa vyombo vipya, vikiwemo vya kunasia mawimbi vya 75A, vilivyopatikana ghali lakini vikatulia kwenye masafa bila kuyumba.

Kisha akaja na hoja nzito zaidi. Sauti ya redio ya kawaida husafiri na wimbi la kuibeba pamoja na kanda mbili pembeni zenye habari ile ile. Collins alishikilia kwamba wimbi hilo na kanda moja viachwe, nguvu yote itiwe katika kanda iliyosalia. Wazo halikuwa lake, ila ni yeye aliyelifanya litumike na watu wa kawaida kupitia KWS-1 mwaka wa 1955 na KWM-1 mwaka wa 1957.

Majenerali Curtis LeMay na Francis Griswold wa kikosi cha anga cha mabomu ya masafa marefu, wote wawili wakiwa waendeshaji wa ridhaa, waliujaribu mfumo huo angani mwaka wa 1956 kwa vyombo vya ridhaa, na jeshi likaukubali. Safari hii mtambo ulitoka kwa raia kwenda jeshini. ART-13, fahari ya ujana wake, ikawa ya kale kwa mkono wa aliyeiunda.

Kampuni ilipaa hadi kwenye safari za Apollo, ambazo mawasiliano yake yalitegemea vifaa vyake. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 Collins alimwaga fedha nyingi katika mfumo wa kuunganisha kompyuta na mawasiliano, C-System. Aliona mbali, wenye kudai hawakuweza kungoja. Mnamo 1971 North American Rockwell iliingiza mtaji na kutwaa usukani, na Januari 1972 mwanzilishi akaondolewa katika kampuni yenye jina lake.

Hakukaa bure. Alianzisha kampuni nyingine ndogo ya utafiti jijini Dallas, Texas, na akaendelea nayo hadi alipofariki Februari 25, 1987, akiwa na umri wa miaka 77.

ART-13 zilizosalia bado huwashwa na wapenzi wa redio nchini Marekani, zikirusha sauti kwa mtindo ule wa kale. Anayebadilisha chaneli huachia swichi na kusubiri, huku mota ikinguruma na vitasa vikijizungusha.