Kabla hujafunga kompyuta kwenye kerezo, mjue Henry Maudslay

Tuseme umepata kerezo dogo kuukuu, ile mashine mafundi wengi huita leithi, na umeliweka kwenye kibanda nyuma ya nyumba hapo Malakisi. Ni la mkono: unazungusha gurudumu, kisu kinasogea, chuma kinanyolewa. Umeona video za wasee wa majuu wakifunga mota na bodi ya Arduino hadi mashine inajikatia yenyewe, na sasa doo yote uliyo nayo unataka iende kwa bodi. Ngoja kwanza. Kuna jamaa alikufa 1831 ambaye atakusaidia kuliko hao wa video.

Henry Maudslay alizaliwa 22 Agosti 1771 huko Woolwich, karibu na London. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyepata kazi kwenye ghala la silaha la serikali. Shule? Akiwa na miaka 12 kijana alikuwa ameshaanza kibarua humo humo ghalani, anajaza baruti kwenye risasi. Baadaye wakampeleka kwa maseremala, lakini macho yake yalikuwa kwa wahunzi, na akiwa na miaka 15 hivi ndiko alikoishia.

Akiwa na miaka 18 aliitwa London na Joseph Bramah, mtengenezaji wa kufuli. Shida ilikuwa kwamba hakuwa amemaliza ile miaka saba ya uanagenzi iliyotakiwa, yaani kwa lugha yetu, hakuwa na makaratasi. Inasimuliwa kwamba alipewa jiliwa iliyochakaa aitengeneze, na kufikia jioni hakuna aliyeuliza tena habari ya makaratasi. Kufuli moja la Bramah liliwekwa dirishani na zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Halikufunguliwa mpaka 1851, na aliyelifungua, Mmarekani Alfred Hobbs, alitumia saa 51 zilizotapakaa kwa siku 16.

Maudslay akawa msimamizi wa karakana. Mshahara shilingi 30 kwa wiki, na alikuwa na mke na watoto. Akaomba nyongeza, akanyimwa. Mwaka 1797 akabeba vifaa vyake, akafungua karakana yake ndogo karibu na Oxford Street. Bramah alipata hasara hapo, mimi ndivyo naona.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo kerezo lako linaingia.

Wakati ule fundi mwingi alishika kisu kwa mkono wakati chuma kinazunguka. Mkono ukitetemeka, kazi imeharibika. Na skrubu? Kila bolti ilikuwa na nati yake. Ukizichanganya hazishikani, kwa hiyo mafundi waliziwekea alama. Maudslay alikaza kisu kwenye kitanda cha chuma kinachoteleza, akakifunga kwa skrubu ndefu inayokivuta, kisha akaunganisha skrubu hiyo na kinachozungusha kazi kwa gia za kubadilishwa. Badilisha gia, unapata nyuzi za ukubwa mwingine. Wengine walijaribu vipande vya wazo hili kabla yake, lakini yeye aliviweka pamoja kwa chuma na kwa usahihi ambao watu hawakuwa wamezoea.

Hizo gia ndizo unazotaka kuondoa. Kompyuta itahesabu mizunguko ya kazi na kuiambia mota igeuze skrubu kiasi gani, basi, gia zimekuwa namba. Lakini skrubu inabaki pale pale. Mota ya kawaida ya hatua hugawa mzunguko mmoja mara 200. Ukiifunga kwenye skrubu inayosogea milimita 5 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.025. Safi sana kwenye karatasi. Ila kama nati imekula na inacheza robo milimita, kila ukigeuza upande mota inazunguka na kisu hakisogei. Kompyuta haijui. Kwenye skrubu ya kuingiza kisu, robo hiyo inakuwa nusu milimita kwenye kipenyo, na bearingi haitakaa hapo. Kwa hivyo doo ya kwanza iende kwa skrubu ya gololi na nati yake. Bodi ni bei ndogo, inaweza kungoja.

Maudslay aliwahi kukata skrubu ya futi 5, nyuzi 50 kwa kila inchi. Pia alijenga kipimo cha mezani cha kupima hadi sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Alikiita Lord Chancellor, jaji mkuu, kwa sababu kikishasema, mabishano yamekwisha.

Kuna upande mwingine ambao anko wako fundi atakuuliza. Marc Brunel alimpa Maudslay kazi ya kujenga mashine za kutengeneza kapi za meli za kivita huko Portsmouth. Kufikia 1808 zilikuwa zikitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na ilisemekana watu 10 wasio mafundi walifanya kazi ya mafundi 110. Mia moja hao walienda wapi? Swali hilo halina jibu rahisi, na ukifunga mota kwenye kerezo la familia jiandae nalo mezani.

Lakini angalia waliopita karakana yake. Joseph Whitworth ndiye aliyependekeza, 1841, nyuzi za skrubu ziwe za kipimo kimoja Uingereza nzima. Ukinunua nati Bungoma leo na inaingia kwenye bolti iliyoko Malakisi, ni wazo hilo hilo. Joseph Clement naye, aliyekuwa mchoraji wake mkuu, alikuja kumtengenezea Charles Babbage vipuri vya mashine ya kuhesabu. Yaani kerezo ndilo lililoitengeneza kompyuta kwanza.

Maudslay alipata homa akirudi kutoka Ufaransa na akafa 14 Februari 1831. Mwaka uliofuata Clement alikamilisha kipande kimoja cha mashine ya Babbage, kisha wakagombana juu ya pesa na kazi ikasimama. Kipande hicho kinahifadhiwa na Science Museum ya London, pamoja na kerezo la skrubu la Maudslay.