John Snow, munganga aliyepima usingizi

Wanafunzi wenzetu, wengi husikia jina la John Snow kwa sababu ya kipindupindu na ile pompo ya London ya mwaka 1854. Leo twataka kueleza kazi yake ingine: kulaza wagonjwa, na zaidi watoto, mbele ya kupasuliwa.

Alizaliwa York, Uingereza, tarehe 15 Machi 1813, kifungua mimba wa watoto tisa wa mfanyakazi maskini. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza uganga. Huko alitunza wagonjwa wa kipindupindu kwenye mungodi wa makaa wa Killingworth. Kisha akaenda London, akapata udaktari mwaka 1844.

Mwisho wa 1846 dawa ya eta ilifika London, na mwaka 1847 klorofomu. Waganga wengi walimwanga dawa juu ya leso tu na kuiweka puani. Tarehe 28 Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana Hannah Greener alikufa akilazwa vile. Alikuwa na miaka 15, rika letu kabisa, na walitaka kumtoa ukucha wa mguu tu.

Waganga wakabishana sana. Snow alieleza kwamba leso haina kipimo. Joto likizidi, mvuke unakuwa mwingi. Baridi ikija, unapunguka. Munganga hajui mgonjwa amevuta kiasi gani. Na mtoto anapumua mbio, dawa inamshika upesi kuliko mtu mkubwa.

Basi alitengeneza chombo. Dawa ilizungukwa na maji, ili joto lisibadilike ovyo. Bomba lilikuwa pana, mgonjwa asihangaike kuvuta pumzi. Kifuniko cha uso kilikuwa na kilango cha kuingiza hewa safi na kupunguza nguvu ya dawa. Sisi wa Koni twaelewa upesi: maji ya Lufira nayo yanapitia milango ya kuyapima mbele ya kufika ku mashini.

Mwaka 1853 alimsaidia Malkia Victoria wakati wa kuzaa. Alikufa tarehe 16 Juni 1858, na miaka 45 tu. Hata leo mashini za kulaza watoto zinafuata mambo yale yale: dawa ipimwe, na njia ya hewa isibane.

Kwa hiyo, tukichoka na hesabu za gazi katika saa ya kemia, tukumbuke yule msichana.